Pembizoni mwa Ukurasa wa Tatu

Kerubo,
hapa ulipoandika "Utafiti unaonyesha"
mkono wangu umegoma kusonga.
Utafiti upi? Wa nani? Wa mwaka gani?
Utafiti hauna kidole. Aliyeonyesha ana jina,
alikunja suruali akavuka mtaro kule Mukuru,
daftari kwapani,
na pengine mbwa wa watu alimtoa mbio.
Mtaje.

"Asilimia sabini ya maji ya vioski si salama."
Sentensi tamu. Muhula huu nimeiona mara tisa,
kwenye karatasi tisa.
Nikaifuata nyuma. Mmoja kaitoa gazetini,
gazeti limeitoa kwenye kijitabu cha shirika,
kijitabu kinasema tu, "inakadiriwa."
Na nani, hakisemi.
Ni uvumi uliovaa tai.

Sikusimangi. Nami nilipokuwa rika lako,
chumba cha kupanga Ngara, stima imepotea,
nilinukuu nilichokumbuka,
na nisichokumbuka nikakitungia mwaka.
Mwalimu Ogutu alinirudishia kazi na neno moja:
"Wapi?"
Nimelibeba miaka ishirini na sita.

Sasa, panda orofa ya nne.
Mwambie Bwana Musembi, yule wa sweta ya kijani,
akutolee majarida yaliyofungwa kwa kamba.
Yana vumbi, beba leso.
Yaliyo kwenye kompyuta pia atakufungulia;
nywila ulishailipia ndani ya karo.
Usisome muhtasari ukaishia hapo
kama mtu aliyeonja mchuzi akasema ameshiba.
Soma walivyopima: vioski vingapi, mwezi gani,
mvua ilinyesha au ilikataa.
Kisha soma wanapokiri wasichokijua.
Hapo ndipo penye uungwana.

Nakuonya, huenda ukakuta
ile sabini yako inanywea.
Labda ni vioski thelathini na vinane,
wakati wa kiangazi, upande mmoja wa reli.
Utahisi umeibiwa.
Hujaibiwa. Nambari imepungua, uzito umezidi;
sasa waweza kuisimamia mbele ya diwani,
hata mbele ya mama yako,
ambaye uliniambia anauza maji hukohuko,
shilingi tano mtungi,
na ambaye atataka kujua
ni nani hasa aliyesema maji yake ni sumu.

Mimi natoa alama tu. Msahihishaji ni yeye.

Akili za kuambiwa, twasema, changanya na zako.
Sawa. Ila andika pia nani alikuambia,
ili mwenye shaka
aijue njia ya kurudi kisimani.

Alama sijaweka. Nimeacha nafasi pale chini.
Leta tena Ijumaa.
Na haya yote nimeyaandika kwa penseli:
ukipata chanzo kinachonisuta,
nifute,
lakini uniandikie ukurasa.