Kichwa Kimoja Kila Mtaa

Jumanne, Dundee, manyunyu dirishani.
Hifadhidata inanitapikia mistari mia mbili:
Lochee, Petrie, maziwa.
Lochee, Petrie, mkate.
Lochee, Petrie, nepi —
kasuku mwenye homa.

Nikapanga kwa mtaa, kisha kwa jina,
nikaiagiza programu: mkumbuke uliyemtaja;
akiwa yuleyule, nyamaza,
shusha vitu vyake tu.

Ukurasa ukatulia.
Lochee mara moja. Petrie mara moja.
Isla wa ghalani akavaa miwani:
"Sasa inasomeka."

Ila juu kabisa, kabla ya mitaa yote,
kichwa kitupu,
na chini yake: Tendai, blanketi moja.

Kidole kilishafika kwenye Futa.
"Huyu analala wapi?"
Isla akavuta koti lake.
"Stesheni ya basi."

Nikamwacha hapohapo juu.