Nyota Nne na Nusu

Jiko hilo nililisifu mimi, kwa jina langu
na picha yangu ya tabasamu la kukodi.
Nyota nne na nusu. Niliandika:
"Gusa kioo cha simu ukiwa bado kazini,
nyumba itakupokea na joto lake."
Nusu nyota niliikata kwa ajili ya rangi.

Mama alinunua kwa kuniamini.
Hapa Valdivia mvua haibishi hodi,
huingia Aprili kama mgeni aliyebeba godoro.
Jiko lake la kuni akamuuzia Nibaldo wa vyuma chakavu,
akaleta hili la kisasa, linalokula vidonge vya mbao
na kuomba ruhusa ya kila moto
kwa kompyuta iliyo katika nchi
ambayo mama hulikosea jina.

Juni, siku ya Jumanne, kampuni ikafilisika.
Habari niliitoa mimi, kabla ya wenzangu wote:
maneno mia mbili, hisa, madeni, kwaheri.
Nikalala fofofo.
Sikujua kwamba kufilisika kuna harufu,
harufu ya blanketi lililolala na unyevu.

Asubuhi akapiga simu.
"Jiko linasema linatafuta."
"Linatafuta nini?"
"Halisemi. Linatafuta tu, tangu jana usiku."

Nikaenda. Vidonge tele, umeme upo, bomba safi,
kiberiti mfukoni mwangu,
na jiko limesimama kama karani
asiyethubutu kugonga muhuri kwa kuwa bosi amekufa.
Rahisi huvunja upishi, walisema wahenga.
Hili lilimla mama pensheni ya miezi mitano.
Ghali nayo huvunja, kumbe.

Akaja Yanara Paillacar wa nyumba ya pili,
mwanafunzi wa misitu, bisibisi mdomoni,
kompyuta yake imeng'oka kitufe cha ñ.
Akaketi sakafuni, akalifungua jiko mgongo.
"Kuna watu wameiandika upya akili yake," akasema.
"Mmoja yuko Temuco. Mmoja Slovenia.
Mmoja hatumjui, anatumia jina la samaki."

Nikauliza bei. Akanitazama
kama mtu aliyeulizwa bei ya salamu.
Juu kabisa ya msimbo paliandikwa:
chukua, tumia, badili, gawa,
ila ukigawa
usifunge mlango uliokuta wazi.

Nimeandika miaka kumi na mmoja.
Simu yenye kamera ya nne nimeipa maneno elfu;
nimekunywa kahawa zao, mkoba wao ninao, una nembo.
Huyu Samaki hana uzinduzi, hana jukwaa, hana mkoba.
Kazi yake huitwa ya bure,
na neno hilo lina makali pande mbili:
kisicho na bei, na kilichopotea.

Maana katikati ya mistari yake, karibu na feni,
nilikuta maneno ambayo mashine huyaruka:
"Nimechoka. Mke wangu anajifungua wiki hii.
Hapa pana kosa, nalijua.
Atakayeweza, aendelee."
Chini yake Yanara alikuwa ameendelea.

Saa kumi na dakika ishirini, cheche.
Kisha mngurumo mdogo, kisha birika la mama juu yake,
na ng'ambo ya mto simba-bahari wakibweka sokoni
kana kwamba wanadai chao.
"Sasa jiko ni la nani?" mama akauliza.
"Lako, doña Edelmira."
Mama akamimina maji ya mate, taratibu.
"Mimi nilidhani ni langu tangu nilipolipa."

Hakuna aliyemjibu.

Niliandika habari ya Samaki. Mhariri akauliza
anauzwa wapi, na picha yake iko wapi.
Haikutoka.
Ile sifa ya jiko bado ipo, na nyota zake zote.

Jana nilimtumia Samaki ujumbe:
mtoto amezaliwa salama?
Bado hajajibu.
Jiko linawaka.