Wa Sita

Umeletwa kutoka hotelini, umeviringishwa gazeti:
karatasi ya rangi ya chai iliyopoa,
madoa pembeni kama ya mkono wa mtu mzima.
"Fremu nyeusi," kasema kijana wa mapokezi,
"na kioo kisichomeremeta. Alhamisi tunafungua ukumbi."

Wanaume watano wanachimba falaji.
Aliyewachora alitoka nchi za ukungu, zamani,
akaja na mawingu yake mwenyewe,
maana haya sisi wa Birkat al-Mauz hatuyajui:
yamefura, yamepasuka katikati,
mwale mmoja umeshuka
juu ya bega la mwenye sururu
kana kwamba jua nalo ni kibarua.

Mabega mazuri, sikatai.
Kiuno kimepindwa kama uta.
Hakuna anayekohoa.

Baba yangu, Msellem, aliingia mumo humo
ana miaka kumi na mmoja,
wakamchagua kwa wembamba wake.
Alitambaa kwa tumbo, karai mbele, taa ya mafuta mbele ya karai.
Taa ikizimika, rudi: pumzi imekwisha.
Magoti yake yaliota sugu
watu wakadhani ni za sala.
Hakuwasahihisha.

Nimevuta lenzi yangu ya kukagulia pembe.
Giza la shimo, kumbe, ni mistari,
mistari juu ya mistari, myembamba kuliko unywele wa mtoto,
na karibu na kisigino cha yule wa tatu
mmoja umeteleza, umepita mpaka wake.
Hapo mkono ulichoka.
Si mkono wa mchoraji; wa mwingine,
aliyeinamia bamba la shaba dirishani,
akipuliza chenga, akisugua macho,
jina lake chini kabisa, dogo kama chawa.

Hotelini wanataka kadibodi ifunike maandishi.
Nimekata dirisha, nikaliteremsha
upana wa kidole kimoja.
Kioo kikanichana. Nikanyonya damu
kabla haijaigusa karatasi.

Wale watano hawana pa kuandikwa.
Nimegeuza fremu, nikabandika karatasi ya kaki,
na upande utakaotazamana na ukuta
nimeandika kwa penseli, bila jina:
taa ilizimika mara mbili.

Riali kumi na nne, baisa mia tano.
Risiti nimeiweka ndani ya bahasha.