Toa Maji Kwanza

Miaka arobaini na mmoja niliuza mafuta Debrecen.
Meupe, ya nguruwe, nikiyakata vipande kama sabuni,
na aliyenunua kilo nilimwongeza kipande,
maana kwetu shahamu ndiyo ilikuwa adabu.
Baba alinikuza kwa mkate uliopakwa shahamu,
kitunguu juu, chumvi, unga wa pilipili hoho.
Nami nikampenda Piroska vivyo hivyo, kwa kumpakulia.
Alipofariki aliniachia mbwa wa kilo sita.
Nikamfikisha nane.

Jina lake Morzsa, maana yake chembe ya mkate.
Ndevu za babu, miguu ya njiti.
Makao yake chini ya meza,
na kilichodondoka kilikuwa haki yake.
Sikudondosha kwa bahati mbaya.

Februari, kwa shemeji yangu, tulichinja nguruwe.
Morzsa akala ngozi ya kukaanga, ya moto, ya kuchuruzika,
na watu wakacheka, hata mimi.
Usiku nikamkuta jikoni amesujudu:
kifua sakafuni, makalio juu,
kama anayeniomba kitu ambacho sina.

"Kongosho," alisema Dokta Ildikó. "Limevimba.
Linajitafuna lenyewe."
Nalijua kongosho. Nimelishika mara elfu ngapi,
laini, rangi ya waridi lililochujuka,
nikalitupa kwenye ndoo bila kuliuliza kazi yake.

Siku ya tano, alipoanza tena kulamba maji,
nilikwenda dukani na miwani ya Piroska.
Kopo: mafuta, asilimia tano.
Mfuko wa chakula kikavu: asilimia tisa.
Tano ni ndogo kuliko tisa, hilo halihitaji shule.
Nikabeba makopo kumi na mawili,
nikapita kwa daktari anisifu.

Hakunisifu. Akageuza kopo.
"Toa maji kwanza, mzee.
Humu maji ni sabini na nane katika mia.
Yaondoe: zinabaki ishirini na mbili,
na katika hizo, tano ni mafuta.
Karibu robo! Ule mfuko ni mkavu tayari;
utoe maji yake machache, mafuta yake ni kumi tu."

Nikakaa kwenye kiti cha wenye paka.
Mimi, jamani. Mimi,
niliyesaga barafu ndani ya nyama ya soseji
majira ya baridi ya themanini na tatu,
nikauza maji kwa bei ya nguruwe
na mizani ikanishuhudia uongo kwa uso mkavu.
Piroska aliona. Hakusema neno siku mbili.
Siku ya tatu alisema tu: "Chumvi imepungua."

Sasa mizani ile ile, sahani zake za shaba,
iko mezani karibu na dirisha.
Gramu hamsini asubuhi, hamsini jioni.
Jumapili napunguza kumi,
naweka kidari cha bata mzinga, cha kuchemsha, bila ngozi.
Mchuzi naupoza, naengua utando,
naengua tena.
Morzsa hunitazama kama wateja walivyonitazama
walipohisi kidole changu kwenye sahani.
Safari hii kidole hakipo, nakuapia.

Jirani yangu Etelka hupenyeza soseji uani.
"Kidogo tu, ana huzuni."
Hana huzuni, Etelka. Ana njaa ya mazoea,
na mazoea hayo nilimfundisha mimi.
Ile soseji naila mwenyewe, nimesimama kwenye theluji.

Jana alipanda kochi bila kusaidiwa.
Kilo saba na gramu mia moja.

Usiku nilifunga mlango wa jikoni,
nikapaka shahamu kwenye mkate, nikampa mlango mgongo.
Nikasikia kucha zake nje, taratibu, kisha kimya,
kisha pua yake chini ya mlango, ikivuta.
Chembe moja ikadondoka.
Magoti yakalia kama ngazi ya zamani,
lakini niliiwahi.