Foronya

Mnaniuliza habari za kaka yangu Ctibor,
yule aliyefutwa kwenye daftari la waganga wa nafsi,
mnataka nianze na vitabu alivyosoma.
Sikumbuki vitabu. Nakumbuka shuka.

Baba alifulia hoteli tatu
katika mji wa chemchemi za moto, kaskazini mwa Bohemia,
walikokuja wenye vyeo kunywa maji yanayonuka mayai viza
na kungoja wapone wasichokitaja.
Kila alfajiri marobota, mvuke, magadi,
na Ctibor, miaka sita, kajibanza chini ya meza ya pasi,
anasoma madoa kabla hajajua herufi.

“Huyu alilia. Huyu hakulala.
Hawa wamelala kila mtu ukingoni, katikati pasafi.”

Wafuaji walicheka, wakamrushia vidonge vya sukari.
Mama hakucheka.
Mama alianza kufua shuka zake mwenyewe,
usiku.

Alipofika miaka tisa, Jumapili moja ya theluji,
mezani maandazi ya plamu, mgeni wetu padri,
kaka akafuta mdomo, akasema kama anayeomba maji:
“Foronya ya Apolena inanuka mafuta ya nywele
ya yule karani wa hoteli.”

Baba aliweka uma chini, taratibu.
Mama akaomba chumvi.

Apolena, mpiga pasi wetu,
aliondoka kabla ya kengele za jioni,
kikapu kimoja, kiatu kimoja hakina gidamu.
Mnadhani Ctibor alilia? Alipumulia kioo cha dirisha,
akaandika kitu kwa kidole,
akakifuta kwa kiwiko kabla sijafika.
“Nimesema kweli,” akaniambia.

Maneno hayohayo, miaka thelathini baadaye,
mbele ya baraza la wenzake kule Vienna,
alipochapisha siri za mgonjwa na jina lake kamili.
Niliyasoma gazetini, nimesimama, koti sijavua.

Sasa andikeni hili, au msiandike.
Foronya ile ilitariziwa ua la bluu pembeni.
Mimi ndiye niliyeikunja.
Apolena alilalia gunia la pamba, halina tarizi.
Ua la bluu lilikuwa la Mama.

Kama kaka alikosea, sijui.
Kama alijua, akachagua nani afukuzwe kwenye theluji,
hilo nalo sijui,
na aliyekuwa hodari wa kusoma vitambaa
hakuwahi kunisomea hicho.