Bakisha

Ngazi yetu ya Shauri Moyo ina vidato thelathini na nane.
Zamani sikujua. Nani huhesabu anachokiruka?
Sasa nakijua kila kimoja kama mdeni wangu:
cha tisa kimemeguka,
cha kumi na saba kinanuka mafuta ya taa ya Mama Nduku.
Shuleni niliishia kidato cha pili;
hapa nafika cha ishirini na tano, ndipo naketi,
nauacha moyo ugonge mlango wake mpaka uchoke.

Watoto wananipita mbio. "Shikamoo, Mzee Mabruki!"
Nawaitikia kwa mkono.
Marahaba ina silabi nne,
na nne ni nyingi.

Mimi huyu, niliyeadhini miaka kumi na tisa
kabla msikiti haujanunua spika,
sauti ikivuka Mto Nairobi bila kulowa!
Mchana nikichomelea mageti Kamukunji,
na moshi wa chuma ukaingia bila hodi,
ukapanga chumba kifuani:
kodi haulipi, kuhama hauhami.

Daktari alininyooshea picha kwenye mwanga.
"Mapafu yamelegea, Mzee, kama soksi kuukuu."
Akanipa pampu. Akasema toa pumzi polepole,
bana midomo, kama unapoza uji.
Nikacheka, kicheko kikageuka kikohozi,
kikohozi kikageuka kitu kingine nilichokifuta kwa kofia.
Miaka sitini na nane,
nafundishwa kupumua.

Bishara, binti yangu, ana sheria zake.
Jiko la makaa lisivuke kizingiti.
Julai, shali shingoni hata ndani ya nyumba.
Pampu, kisha sukutua.
Tembea hadi kwa muuza mihogo na urudi,
hasa siku usiyotaka.
Nilidhani subira ni kukaza meno.
Kumbe kuna subira ya kumwachia mtoto wa jirani
akubebee viazi kilo mbili,
na usitazame pembeni.

Husema, "Baba, pumzika."
Nilikuwa nasikia: Baba, umeshindwa.
Siku moja, pale kidato cha ishirini na tano,
nikalisikia neno upya:
pumzi imo mle ndani, imekaa tu,
kama mtu aliyekufika kabla yako.

Usiku wa manane ndio mgumu.
Kifua hufunga duka.
Hata dua haiingii nzima, inakwama mlangoni,
basi naikata vipande:
Ya, nikivuta.
La-ti-fu, nikipoza uji.
Moja kuingia, tatu kutoka.
Ya. Latifu.
Nje mbwa wanagombania taka za Gikomba,
lori la kabeji linarudi nyuma likilia,
Ya,
Latifu,
mpaka dirisha liwe la kijivu.
Sikupona. Asije mtu akasimulia kwamba nilipona.
Nilifika asubuhi.

Siku hizi anaadhini Shukri, kijana wa fundi saa.
Neno la mwisho humponyoka, lafika likichechemea.
Mimi, kwenye kiti changu cha kuswalia,
hulimalizia kimyakimya.

Jana alikuja. Akanywa chai, akazungukazunguka,
hatimaye: "Mzee, siri yake ni nini?"
Nilikuwa na mengi ya kumwambia.
Nikapata pumzi ya neno moja:
"Bakisha."
Akatazama kikombe chake,
akadhani nasema juu ya chai.