Kliniki ya Mifugo, Nachingwea

Nkwabi alizaliwa ubavuni mwa zizi, Meatu;
homa ya ng'ombe huijua kwa pumzi tu.
Lakini paka! Paka wa mama muuza vitumbua
humtoa jasho, glavu akavaa kinyume.

Somoe ni wa Newala, binti wa mikorosho.
Ng'ombe wake wa kwanza alimgusa chuoni,
macho kafumba.

Jana usiku, Naipanga,
mtamba kalala, ndama kakwama mabega.
Mkono wa Nkwabi mnene, haupiti.
"Ingia wewe," akasema, akashika taa.

Somoe akazama hadi kwapani:
mkono ule ule uliokomba
maji ya mwisho mtungini kwa bibi yake.
Akapapasa. Kwato. Akavuta.

Leo asubuhi Nkwabi kamshika paka.
Kamshika vibaya.
Lakini kamshika.